Jumamosi Huuzwa Mara Moja

Assalaam alaykum. Bwana asifiwe. Na msiokuwa wa huku wala wa kule, hamjambo.

Waandalizi walinipa mada ya kutafuta wateja. Niliwarudishia, nikawaomba nizungumze juu ya kuwakataa. Mmoja akacheka, akaniuliza kama nimeshashiba. Mimi ni mpishi wa shughuli, bwana, na mpishi hushiba harufu. Lakini nikiziangalia nyuso zilizomo humu ukumbini Tononoka, Mombasa, leo, mafundi wa nguo, mawakala wa forodha, vijana wa picha na nembo, akina dada wa keki, maseremala, sioni kama shida yenu kubwa ni kukosa watu wa kuwapigia. Simu zinalia. Shida ni kwamba mwezi ukiisha kazi imefanywa, mgongo unauma, na ukifungua M-Pesa unakuta salio la kununulia mkate.

Huku kwetu kukataa mteja ni jambo zito. Tumelelewa kuambiwa riziki haifukuzwi. Mtu akibisha hodi na pesa mkononi, ukimwambia aende kwa mwingine, unaonekana umekufuru au umeingia kiburi. "Yule siku hizi ana maringo, ashapata." Na mji ni mdogo: Kibokoni wakisikia asubuhi, Majengo wanalo kabla ya adhuhuri. Mimi nami naamini riziki iko kwa Mungu. Ila sijaona palipoandikwa kwamba kila anayebisha hodi ameileta. Wengine wamekuja kuichukua.

Watu hudhani nauza biriani. Nauza Jumamosi. Mwezi wa Shaaban Mombasa nzima inaoa, kwa sababu Ramadhani iko mlangoni. Mfungo Mosi, Idi ikishapita, wanaanza tena. Agosti na Desemba shule zinafungwa, jamaa wa bara na wa ng'ambo wanarudi, nyumba zinajaa mahema. Baina ya hapo kuna wiki ambazo sufuria zangu hulala kifudifudi. Basi Jumamosi nzuri za mwaka zinahesabika, na kila moja huuzwa mara moja tu. Mchele nisioupika leo nitaupika wiki ijayo. Jumamosi niliyompa mteja wa taabu siwezi kuirudisha ghalani, na yule wa maana akipiga simu siku ya pili namwambia, samahani bibi, imeshakwenda.

Fundi wa nguo, Jumamosi yako ni wiki ya mwisho ya Ramadhani. Wakala, yako ni zile siku chache za bure bandarini kabla kontena halijaanza kutozwa ada ya kuhifadhiwa. Wewe mchoraji, nadhani ni zile saa za usiku ambapo akili bado iko safi na watoto wamelala. Kila mmoja aitafute yake aijue, maana hiyo ndiyo bidhaa, na ina kikomo.

Sasa toeni simu tufanye hesabu. Tuseme mtu anataka biriani ya wageni 300. Bei yako ni shilingi 600 kwa kila mgeni, jumla 180,000. Mchele, nyama, mafuta, viungo, kuni, gari, wapishi na vijana wa kugawa sinia, vyote vinakula 140,000. Inabaki 40,000, nayo ndiyo karo, kodi ya nyumba, na sufuria itakayotoboka mwakani. Anakuja mteja, mtu mwema kabisa, anakwambia, "Mama, nipunguzie themanini tu. Themanini ni kitu gani?" Unaona haya. Unakubali.

Jumla imeshuka hadi 156,000. Nyama haikushuka hata senti, mchele haukushuka, kwa hivyo ile 40,000 imekuwa 16,000. Yeye amepata nafuu ya shilingi kama 13 katika kila 100. Wewe faida yako imekatwa shilingi 60 katika kila 100. Siku yenyewe wanafika watu 340, kwani harusi ya Kiswahili ina mlango? Kila mgeni wa ziada ni kama shilingi 400 za nyama na mchele. Zidisha kwa 40. Ni 16,000. Umekesha mekoni usiku kucha, utanuka moshi mpaka Jumatatu, na faida ni sifuri. Baki yako bado hujalipwa.

Angalieni kwamba huyo mteja hakukuibia, wala hakukutukana. Amekushukuru na kukuombea dua. Nalisema hili kwa sababu ushauri mwingi ninaousikia ni wa kuwakimbia wateja wakali, na mimi nauona umekaa kombo. Nina bibi mmoja ambaye wenzangu hawamtaki. Hupiga simu kila siku wiki ya shughuli: mchele gani, nyama ya wapi, sinia ya kwanza itatoka saa ngapi, nani atasimama mlangoni. Ukichelewa robo saa utasikia. Huyo namwekea siku kabla hajaniomba. Anajua anachotaka, tumekiandika, na pesa zake huingia siku tuliyopatana.

Wa kuogopwa ni bwana Tutaelewana. Unamuuliza wageni wangapi, anasema si wengi, watu wetu tu. Bajeti je? "Wewe sema." Ukisema, anaruka: fulani alinipikia kwa nusu ya hiyo. (Basi si uende kwa fulani?) Unamuuliza siku hiyo nizungumze na nani, nipate mtu mmoja wa kuamua. "Ah, sote tuko." Sote tuko maana yake shangazi atakuja mekoni kusema ongeza pilipili, ami atakuja kusema punguza, na mwenye kulipa atakuwa amezima simu.

Msikilizeni pia anavyowataja wenzenu. Mpishi wa mwaka juzi alikuwa mwizi, wa mwaka jana mchafu, na fundi wa mahema alimharibia jina. Mwaka huu zamu ni yako. Na akikwambia, "Hii nifanyie rahisi, nina harusi tano zinakuja," mwamini kabisa. Zitakuja, zote kwa bei hiyohiyo rahisi, na siku utakayojaribu kuipandisha atatangaza kwamba umebadilika.

Jamaa zetu nao? Nawaona akina mama mnatazamana. Mimi kwa jamaa nina njia mbili. Mpwa wangu akiolewa napika bure, ni zawadi yangu, na naitoa kwa moyo mkunjufu. Wengine wanalipa bei kamili. Nusu bei siifanyi kwa mtu. Haina shukrani ya zawadi wala faida ya biashara, na aliyelipa nusu hulalamika zaidi ya aliyelipa zote. Mwaka huwa na zawadi zake, naziweka kwenye hesabu mapema. Zikiisha zimeisha, hata akija binamu wa damu.

Kuna mteja mkubwa kuliko wote, naye hamgombani naye kwa bei kwa sababu bei yake huwa nzuri. Ni serikali. Tangu mwaka 2013 kuna mpango wa kutenga asilimia 30 ya tenda za umma kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu, na wengi humu mna cheti chake. Hongereni. Siwaambii msiombe. Nawaambia muichague ofisi kama mnavyomchagua mteja mwingine yeyote. Msimamizi wa Bajeti hutoa ripoti zinazoonyesha kila kaunti inadaiwa kiasi gani na wafanyabiashara. Ziko wazi, zisomeni kabla ya kukimbilia karatasi ya oda.

Na wale mliosajiliwa kulipa VAT, kodi ya ongezeko la thamani, yaani mauzo yenu yanafika milioni 5 kwa mwaka, hapa tulizaneni kidogo. Ukishafikisha mali au kutoa ankara, kodi imeshakuwa deni lako. KRA, mamlaka ya mapato, wanaitaka tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Hawakuulizi kama ofisi imekulipa. Umeuza mali ya milioni moja, VAT ni 160,000; ondoa ile uliyolipa kwenye manunuzi yako, inayobaki unaitoa mfukoni mwako kwa pesa ambazo hujaziona. Ofisi ikikaa mwaka bila kulipa, wewe ndiwe uliyeikopesha serikali mara mbili. Kukopa harusi, kulipa matanga, wahenga walisema, na wapishi tunalipata hilo kwa pande zote mbili maana tunapikia harusi na matanga. Swali si kama kazi ile ni nzuri. Swali ni kama unaweza kukaa miezi mingi bila pesa hiyo na bado ukafungua duka. Ukiweza, chukua. Usipoweza, hata ikiwa ya milioni kumi, mwachie mwenye mfuko mrefu.

Mawakala wa forodha wa bandari ya Kilindini nimewaweka peke yao kwa sababu kwenu mteja mbaya hakupotezei faida tu. Sheria ya forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, ya mwaka 2004, inamhesabu wakala anayetoa tamko kwa niaba ya mwenye mali kama kwamba yeye ndiye mwenye mali, na ushuru unaweza kudaiwa kwake. Mtu amekuletea karatasi zinasema vyombo vya jikoni. Kontena likifunguliwa kuna kingine. Yeye yuko bara, labda hata si jina lake. Jina lako liko kwenye tamko, na leseni ni yako. Mteja ambaye hataki kukuonyesha ankara halisi ya aliyemuuzia, anayesema wewe jaza tu tutamalizana, huyo hata akulipe mara tatu, wacha apite.

Upande mwingine ni yule mteja mmoja mzuri mno. Analipa, hana maneno, na kazi zake zimejaa mwaka mzima mpaka wengine huwapokei simu. Hapo nawaogopea. Reli mpya, SGR, ilipoanza kubeba makontena mwaka 2018, na mwaka uliofuata ikatolewa amri mizigo ya bara ipande reli, mama lishe waliotegemea malori ya barabara ya Changamwe hawakuwa na ugomvi na mtu. Hawakukosa lolote. Mteja aliondolewa juu ya vichwa vyao na watu wasiowajua. Mimi nikiona mtu mmoja anakaribia kushika nusu ya mapato yangu, naanza kutafuta wengine hata kama wanalipa kidogo kuliko yeye. Hiyo pia ni kuchagua.

Sasa arubuni. Mimi tarehe haiandikwi daftarini mpaka arubuni iingie, nusu kwa nusu, na baki Alhamisi kabla ya Jumamosi. Si kwa sababu siwaamini watu. Mwenye shughuli akishatoa pesa, mambo yote yanajipanga: idadi anaijua, ukumbi ameulipa, na shangazi ameshanyamazishwa. Anayesema "arubuni kwani hunijui?" namjibu kwa upole kwamba namjua, ndiyo maana nimemwambia nusu. Na tunaandika nini kitatokea shughuli ikivunjika. Hilo nimelikazania tangu korona. Shaaban ya mwaka 2020 iliangukia Machi na Aprili, pale pale maradhi yalipoingia nchini. Aprili Mombasa ikafungwa, hakuna kutoka wala kuingia. Mei ukafungwa na Mji wa Kale wenyewe. Harusi zote nilizokuwa nimechukua arubuni zikafa. Mchele ulikuwa stoo umeshanunuliwa. Yupo aliyetaka kila senti jioni ileile na akanitishia polisi. Yupo aliyesema, mama, ugawe mchele kwa majirani, sisi tutapanga Mungu akijaalia. Wengi walikuwa kati na kati, tukazungumza kiungwana, nikarudisha sehemu. Wateja ninaowapa Jumamosi za Shaaban mpaka leo niliwajua mwaka ule.

Kijana pale mbele anatikisa kichwa, na najua anachotaka kusema. "Mama, wewe unaweza kukataa, una jina. Mimi nimeanza juzi." Kweli. Mwenye njaa hachagui, na sitakuja hapa kukwambia ufunge njaa kwa heshima. Ukianza, usianze kwa kukataa watu. Anza kwa kukataa masharti. Mchukue mteja mdogo, mchukue hata mwenye maneno mengi ujifunze, lakini usimchukue bila arubuni, na usichukue kazi ambayo ukiikosea hutaweza kuilipia. Shughuli ya watu 50 ikiharibika utaomba radhi na kupika tena. Ya watu 600 ikiharibika utahama mtaa. Na weka daftari: nani alilipa lini, nani alibadilisha idadi, nani alikupigia saa sita za usiku. Mali bila daftari hupotea bila habari. Mwaka ukizunguka, fungua daftari, utaona mwenyewe nani alikula Jumamosi zako.

Jambo moja lisije likaeleweka vibaya. Kuchagua mteja si kumchagua kwa kabila, dini, rangi wala jina la ukoo. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 27, inakataza mtu kumbagua mwenziwe kwa mambo hayo, nasi mji wetu tunaujua ulivyochanganyika. Nimesikia humu humu Mombasa watu wakisema "wale hatuwafanyii, hawalipi." Wale akina nani? Daftari langu halina kabila la wasiolipa. Lina majina ya watu, na yamechanganyika vizuri sana.

Deni likishakuwa deni, jueni kwamba kuna Mahakama ya Madai Madogo, kwa sheria ya mwaka 2016. Inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, unaweza kujisimamia mwenyewe bila wakili, na sheria inataka kesi imalizwe ndani ya siku 60. Hapa Mombasa ipo. Lakini nendeni na maandishi. "Tulipatana kwa mdomo" ni safari ndefu.

Namalizia kwa namna ya kukataa, kwa sababu hapo ndipo wengi tunapofanya ovyo. Wako wanaokaa kimya, ujumbe umesomwa, hawajibu, mtu wa watu anangoja na tarehe inakaribia. Wako wanaosema tarehe imejaa na haikujaa. Kisha Jumamosi hiyo sufuria zao zinaonekana mtaa wa pili, na uongo umeumbuka mchana kweupe. Na wako wanaotaja bei ya kufukuzia. Akufukuzaye hakwambii toka, ni kweli, lakini nimeona mtu akatajiwa bei mara mbili na akasema sawa, nitalipa. Ikabidi apikiwe. Usitaje bei ambayo ikikubaliwa utalia.

Mimi naandika hivi, siku hiyohiyo, na mnaweza kuunakili: "Asante kwa kunifikiria. Shughuli hii sitaweza kukuhudumia inavyostahiki, na sipendi nikuharibie siku. Jaribu kwa fulani, anapika vizuri kwa idadi hiyo." Basi. Sitoi sababu, kwa sababu sababu hujadiliwa. Na kabla sijatoa namba ya huyo fulani, nampigia yeye kwanza, namwambia ukweli wote: huyu anabadilisha idadi, huyu malipo yake ni ya polepole. Akikubali, amekubali akijua. Mara nyingine humfaa. Yuko mwenzangu Likoni anapika kwa wateja ambao mimi siwawezi kabisa, anajua kuwatuliza, na wamemjengea chumba cha pili. Naye hunitumia wale mabibi wanaopiga simu kila siku.

Nimeambiwa chai iko tayari nje, na kabla hamjaniuliza, sikuipika mimi. Nimepita kwa aliyeipika nikamuuliza kama amelipwa. Anasema nusu. Waandalizi wapo, wamesikia. Karibuni maswali.